Mwongozo kamili wa kuondoa harufu mbaya ya kinywa na kuzuia isirudi

Wasomaji wengi wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaolalamikia harufu mbaya ya kinywa hutoa maelezo yanayofanana. Wanapiga mswaki kila asubuhi, wamebadilisha dawa ya meno mara kadhaa, wengine wamemeza dawa za minyoo na za vidonda vya tumbo, na bado watu wa karibu huwageuzia uso wanapozungumza. Ukiwauliza wanasafisha nini hasa, jibu huwa ni meno ya mbele, kwa haraka, kwa maji baridi yanayouma, kabla ya kutoka nyumbani. Nyuma ya ulimi, katikati ya meno na kwenye ukingo wa fizi, ambako harufu hutengenezwa, hapajaguswa.

Kwa watu wengi wenye tatizo hili, harufu huzaliwa kinywani kwenyewe. Bakteria wanaoishi mahali pasipofika hewa huvunjavunja mabaki ya chakula, chembe zilizokufa za ngozi ya ndani ya mdomo na damu ya fizi, kisha hutoa gesi zenye salfa, ikiwamo ile inayonuka kama yai viza. Tumbo husingiziwa mno. Njia ya chakula hubaki imejifunga kwa muda mwingi, na hewa ya tumboni hupanda pale tu mtu anapocheua. Ndiyo maana dawa za tumbo hazijawasaidia wengi waliozitumia kwa lengo hili.

## Vifaa unavyohitaji

Andaa vitu hivi kabla ya kuanza, kwa sababu anayeanza na mswaki peke yake hurudi alikokuwa ndani ya siku chache.

- Mswaki wenye nywele laini na kichwa kidogo kinachoweza kufika nyuma ya magego ya mwisho.
- Dawa ya meno yenye floraidi. Kwa mtu mzima, tafuta inayoonyesha kati ya 1,000 na 1,500 ppm (kipimo cha kiasi cha floraidi) kwenye boksi.
- Uzi wa kusafishia meno, au vijiswaki vidogo vya kupitisha katikati ya meno. Huuzwa katika maduka ya dawa ya mjini. Anayeishi kijijini amwagize anayekwenda mjini.
- Kikwangua ulimi, au kijiko cha chuma cha chai ambacho utakitenga kwa kazi hiyo pekee.
- Kioo kidogo na tochi ya simu.
- Chumvi ya kawaida, kikombe, na chupa ya chai yenye maji ya vuguvugu.

Chupa ya chai imo kwenye orodha kwa makusudi. Katika miezi ya Juni na Julai, ambapo Kitulo na sehemu za Njombe huamka na sakitu, maji ya bomba hutia ganzi hadi kwenye mizizi ya meno, na mtu mwenye fizi zilizolegea hawezi kuyavumilia kwa dakika 2. Watu hufupisha kazi kwa sababu inauma, wala si kwa uvivu. Jioni, mimina maji ya moto kwenye chupa na kuyapooza kidogo, na utaondoa sababu kubwa ya watu wa nyanda hizi kulala bila kusafisha kinywa.

## Hatua ya 1: Tambua harufu inatoka wapi

Pua huzoea harufu ya mwili wake, hivyo kupuliza hewa kwenye kiganja na kuinusa hakutoshi. Fanya vipimo vitatu wakati hujala, hujavuta sigara wala kupiga mswaki kwa saa mbili hivi.

Kwanza, ramba ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono, subiri sekunde 10 ikauke, kisha inuse. Pili, kwangua nyuma ya ulimi taratibu kwa kijiko na unuse utando ulioshika. Tatu, pitisha uzi katikati ya magego ya kila upande na unuse kila mahali peke yake. Uzi unaonuka upande mmoja tu mara nyingi huonyesha jino lililotoboka, mfuko wa fizi au kijazio cha jino kilichoachia.

Halafu washa tochi na utazame kinywa kwenye kioo. Tafuta fizi nyekundu zilizovimba, matundu ya meno, ugaga (utando uliogeuka mgumu) wa njano au wa kahawia nyuma ya meno ya mbele ya chini, na vipande vidogo vyeupe vilivyonasa kwenye mafindofindo kooni.

Ukiweza, muulize mtu mmoja unayemwamini: mke, mume, mama au ndugu. Muulize waziwazi na umwahidi kwamba hutakasirika, kwa sababu desturi zetu humfanya mtu anyamaze ili asikuaibishe. Wapo pia watu wanaoamini wananuka wakati hawanuki, na jibu la ndugu huwapunguzia mzigo ambao dawa ya meno haiwezi kuuondoa.

*Umefanikiwa ikiwa* unaweza kutaja mahali: ulimi, upande fulani wa meno, fizi au koo. Andika mahali hapo. Utapalinganisha baada ya wiki mbili.

## Hatua ya 2: Safisha katikati ya meno, kila usiku

Anza na kazi hii kabla ya mswaki. Uzi huondoa mabaki na kufungua nafasi ambayo floraidi ya dawa itaingia baadaye.

Mswaki hugusa uso wa nje, uso wa ndani na sehemu ya kutafunia, lakini kuta mbili zinazotazamana kati ya jino na jino haziguswi na nywele zake. Huko ndiko maganda ya makande, nyuzi za kitimoto na vipande vya mahindi ya kuchoma yaliyonunuliwa stendi hukaa usiku kucha. Nyama ndiyo huleta harufu kali zaidi, kwa sababu protini ndiyo malighafi ya gesi za salfa.

Kata uzi wa kama sentimita 45. Uzungushe kwenye vidole vya kati vya mikono miwili, ukiacha kipande kifupi cha kufanyia kazi. Upitishe kati ya meno kwa kuusogeza mbele na nyuma taratibu. Ukishafika kwenye fizi, uzungushie ubavu wa jino, ushuke nao kidogo chini ya ukingo wa fizi, kisha upandishe. Rudia kwenye jino la jirani, na kila ukihamia nafasi mpya tumia sehemu safi ya uzi.

*Onyo.* Usiusukume uzi kwa nguvu ukadunda kwenye fizi. Vijiti vya meno vya hotelini vinaweza kuondoa nyama iliyonasa, lakini havisafishi kuta za meno, na kuvichomeka kila siku huumiza fizi na kupanua mianya. Msumari, pini na waya visiingie kinywani kabisa.

Siku za mwanzo fizi zinaweza kutoa damu, na hapa ndipo wengi huacha wakidhani wamejiumiza. Fizi yenye afya haitoki damu kwa kuguswa. Inayotoka damu tayari imevimba kwa sababu ya utando uliokaa juu yake. Endelea taratibu. Kwa kawaida damu hupungua ndani ya wiki moja hadi mbili, na isipopungua, daktari wa meno anapaswa kuiona.

*Umefanikiwa ikiwa* uzi unatoka bila damu na bila harufu katika kila nafasi.

## Hatua ya 3: Kwangua ulimi hadi nyuma

Ikiwa una muda wa kujifunza jambo moja tu katika mwongozo huu, jifunze hili. Nyuma ya ulimi pana mikunjo na vijinyama vidogo vingi vinavyoshika mabaki ya chakula, makamasi yanayoshuka kutoka puani na chembe zilizokufa. Hewa haifiki chini ya utando huo, na bakteria wanaotoa salfa hupenda mahali kama hapo. Ncha ya ulimi, ambayo watu huisugua kwa bidii, mara nyingi ni safi kwa sababu hujisugua yenyewe kwenye meno na kwenye kaakaa.

Toa ulimi nje kadiri uwezavyo. Ukiteleza, ushike kwa kitambaa safi. Weka kikwangua au kijiko kilichoinamishwa mbali kadiri unavyoweza kuvumilia, kisha vuta kuja mbele kwa mgandamizo mdogo. Suuza kijiko, rudia. Mara 3 hadi 5 zinatosha, asubuhi kabla ya kula na usiku baada ya uzi.

Kinachowashinda watu wengi ni kichefuchefu. Toa pumzi polepole wakati kijiko kiko nyuma, na usianze na sehemu ya mbali siku ya kwanza. Sogea nyuma kidogo kila baada ya siku chache, koo litazoea. Ukikwangua kabla ya kunywa chai ya asubuhi, tumbo likiwa tupu, kichefuchefu huwa kidogo na hakuna cha kutapika.

*Onyo.* Ulimi haupaswi kutoka damu wala kuwaka moto. Utando mweupe mzito usiotoka, au unaoacha nyama nyekundu inayovuja damu, unaweza kuwa ugonjwa wa fangasi wa kinywa. Fangasi hao huwapata zaidi watu wenye kisukari kisichodhibitiwa, wanaotumia antibiotiki kwa muda mrefu au wenye kinga dhaifu ya mwili. Usiushindanie na kijiko. Nenda kituo cha afya.

*Umefanikiwa ikiwa* ulimi ni wa rangi ya waridi hadi nyuma na kijiko kinatoka na mate mepesi badala ya utando wa njano.

## Hatua ya 4: Piga mswaki, kisha uteme bila kusukutua

Mswaki wa usiku una uzito kuliko wa asubuhi. Mtu akilala mate hupungua sana, na bakteria hubaki na saa nyingi za kufanya kazi bila kusumbuliwa. Ukilala na chakula mdomoni, mswaki wa asubuhi unakuta harufu imeshatengenezwa.

Weka dawa ya meno inayolingana na punje ya njegere. Mtoto wa chini ya miaka 3 awekewe kiasi cha punje ya mchele, na mtu mzima amsaidie. Inamisha mswaki uelekee kwenye ukingo wa fizi, kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, uutikise kwa mizunguko midogo, meno mawili au matatu kwa wakati mmoja. Anza na kuta za ndani za meno ya chini na nyuma ya magego ya mwisho, kwa sababu ukianza na meno ya mbele utachoka kabla ya kufika huko. Kazi yote ichukue dakika 2.

Mwishoni tema povu, na uishie hapo. Watu wengi husukutua kwa vikombe viwili vya maji na kuiondoa floraidi yote waliyoiweka. Floraidi inayobaki usiku hulinda meno yasitoboke, na tundu la jino ni ghala la harufu. Hii pia ndiyo sababu ulimi umetangulia: ukiukwangua baada ya mswaki utalazimika kusukutua.

*Onyo.* Ukitoka kula nanasi, kunywa soda, maji ya limau au pombe yenye uchachu kama ulanzi, subiri kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki, kwa kuwa asidi hulainisha uso wa jino kwa muda. Kusugua kwa nguvu hakuongezi usafi. Hukwangua jino na kusukuma fizi zirudi nyuma.

Wanaotumia mswaki wa mti hawana haja ya kuuacha. Utafune hadi utoe nyuzi laini, kata nyuzi zilizochakaa, na upitishe pia kwenye kuta za ndani, ambako wengi huwa hawafiki. Hata hivyo, malizia usiku kwa dawa yenye floraidi. Mswaki wa dukani ubadilishwe kila baada ya miezi 3 au nywele zinapotawanyika, ukae wima pakavu, na usitumiwe na watu wawili.

*Umefanikiwa ikiwa* ukipitisha ulimi kwenye kuta za ndani za meno unahisi uso laini na si wenye mikwaruzo ya utando.

## Hatua ya 5: Linda mate yako, hasa wakati wa baridi

Mate huosha kinywa mchana kutwa. Yakipungua, harufu hupanda hata kwa mtu aliyesafisha vizuri asubuhi. Katika nyanda zetu jambo hili lina msimu wake: kiangazi cha baridi mtu hahisi kiu, anaweza kufika saa 9 alasiri akiwa amekunywa kikombe kimoja cha chai, na pua ikiziba kwa mafua analala akipumulia mdomo. Asubuhi ulimi umekauka na harufu ni kali.

Kunywa maji ya vuguvugu kutoka kwenye chupa ya chai ukiwa ofisini, dukani au shambani, kidogokidogo, bila kungoja kiu. Usiruke kifungua kinywa, kwa maana kutafuna ndiko kunakoamsha mate. Karoti mbichi au tufaa la Makete baada ya mlo hufanya kazi nzuri, na bigijii isiyo na sukari husaidia panapokosekana maji. Bigijii au pipi yenye sukari huficha harufu kwa dakika chache huku ikiwalisha bakteria walewale. Walimu, wahubiri na makondakta, ambao huzungumza kwa saa nyingi, wanahitaji maji zaidi ya wengine.

Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, za mzio na za sonona hukausha mdomo. Usiache dawa yako kwa sababu ya harufu. Mweleze aliyekuandikia, aone kama ipo nyingine inayokufaa.

## Hatua ya 6: Jua chakula kipi huacha harufu mswaki usiyoiweza

Kitunguu saumu na kitunguu maji vina viambata vya salfa vinavyoingia kwenye damu baada ya kusagwa tumboni, vikatoka kupitia mapafu. Hivyo utanuka hata kinywa kikiwa safi, mpaka mwili umalize kuvitoa. Maziwa yakinywewa pamoja na mlo huo, au tufaa bichi baada yake, hupunguza harufu hiyo. Mwenye usaili kesho asile saumu usiku.

Sigara na ugoro hukausha mdomo, huharibu fizi na kuficha dalili, kwa sababu fizi za mvutaji hutoka damu kidogo kuliko zilivyoharibika. Komoni, ulanzi na pombe nyingine nazo hukausha mdomo, na anayelala amelewa kwa kawaida hulala bila mswaki. Chai yenye sukari haina ubaya wakati wa mlo. Tatizo ni kuinywa kwa funda moja moja kutwa nzima, kwa kuwa kila funda hulisha bakteria upya.

## Hatua ya 7: Sukutua kwa kitu sahihi, na uache visivyofaa

Maji ya chumvi yanatosha watu wengi. Koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, sukutua kwa nusu dakika, sukutua na koo, tema. Yanafaa fizi zilizovimba na mafindofindo yanayoshika uchafu. Yatumie mchana, mbali na mswaki wa usiku.

Dawa ya kusukutulia yenye klorheksidini ina nguvu dhidi ya bakteria, lakini ni ya muda mfupi. Usizidishe wiki mbili bila ushauri, na iache nusu saa ipite baada ya mswaki, kwa sababu baadhi ya viambata vya dawa ya meno huidhoofisha. Ikitumiwa muda mrefu huacha madoa ya kahawia kwenye meno na ulimi, na unywaji wa chai huyazidisha madoa hayo. Kwa nyanda zinazokunywa chai kama zetu, onyo hili lina maana.

Usisugue meno kwa mkaa, mchanga, majivu, magadi wala limau. Mkaa na mchanga hukwangua gamba la jino, na limau huliyeyusha. Gamba la jino likishaondoka halioti tena.

## Hatua ya 8: Meno ya bandia

Yatoe kila usiku, yapigie mswaki kwa sabuni laini na maji juu ya beseni lenye maji ili yakianguka yasivunjike, kisha yaweke kwenye maji safi hadi asubuhi. Safisha pia fizi na kaakaa yaliyokuwa yamefunikwa. Maji ya moto sana huyapinda.

## Hatua ya 9: Pima upya baada ya wiki mbili, kisha uamue

Rudia vipimo vya hatua ya 1 na ulinganishe na ulichoandika. Kama harufu imeisha, endelea na utaratibu huohuo. Kama imebaki, chanzo kiko mahali ambapo mikono yako haifiki.

Ugaga ndio sababu ya kwanza ya kufikiria. Ni utando uliogeuka mgumu, na hakuna mswaki wala dawa ya dukani inayouondoa. Daktari wa meno huung'oa kwa vyombo vyake. Baada ya hapo meno yanaweza kuhisi baridi kwa siku kadhaa, na mianya iliyokuwa imejazwa na ugaga huonekana wazi. Meno hayajaharibiwa, kwa hiyo usimlaumu daktari. Jino lililotoboka nalo lizibwe au lishughulikiwe, maana kuliosha hakutaliponya.

Kama meno na fizi ni salama, fikiria vijiwe vya mafindofindo (vile vipande vyeupe vya kooni), makamasi ya muda mrefu kwenye mianya ya uso, au ugonjwa wa kifua. Mtoto anayetoa usaha unaonuka kwenye tundu moja la pua mara nyingi ameingiza kitu humo, kama punje ya mahindi, haragwe au kipande cha sponji. Usijaribu kukichomoa kwa kijiti, kitazama zaidi.

Nenda hospitali mapema ukiona kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili hadi tatu, meno ya mtu mzima yanayolegea, uvimbe wa shavu pamoja na homa, au usaha kwenye fizi. Pumzi yenye harufu kama matunda yaliyooza au ya kiondoa rangi ya kucha, ikiambatana na kiu kali, kutapika na kupumua kwa nguvu, ni dalili ya hatari ya kisukari na inahitaji matibabu siku hiyohiyo. Pumzi yenye harufu ya mkojo inaweza kutokana na figo zilizoshindwa kazi.

Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya yako na uulize siku za huduma ya kinywa na meno. Kwa tatizo lililowashinda, utaandikiwa rufaa, kwa mfano kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Beba karatasi uliyoandika majibu ya vipimo vyako vya mara zote mbili pamoja na orodha ya dawa unazotumia, na siku hiyo usile saumu wala kutumia pipi au dawa ya kusukutulia yenye manukato, ili daktari akute harufu kama ilivyo.